Kufua nepi nako ni ibada: Somo kutoka nyumba ya Martin Luther



Leo ni Jumapili. Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa sebuleni, umetoka ibadani, viatu umevua, unasubiri chakula. Kabla hatujaendelea, naomba usikilize kidogo sauti zinazotoka jikoni. Nani yuko huko? Bila shaka naye alikuwa kanisani asubuhi hii. Aliimba mapambio yaleyale uliyoimba, alisikia mahubiri yaleyale, alitoa sadaka kwenye kapu lilelile. Mmerudi nyumbani pamoja, lakini wewe umekaa na yeye ameinama jikoni.

Sisemi haya ili nikuharibie mlo. Nataka nikusimulie habari za nyumba moja iliyokuwako miaka karibu 500 iliyopita, katika mji mdogo wa Wittenberg, Ujerumani. Mwenye nyumba unamjua kwa jina. Ni Martin Luther, yule ambaye Oktoba 31, 1517 alitoa hoja zake 95 na kulitikisa Kanisa la Magharibi. Leo sitagusa mabishano ya wakati ule. Uwe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian au Mpentekoste, tuyaweke pembeni. Nataka tuingie naye ndani, pale alipovua joho la mhubiri akawa baba na mume.

Luther alizaliwa Novemba 10, 1483 katika mji wa Eisleben. Mwaka 1505 aliingia utawani, baadaye akawa padri na mwalimu wa Maandiko. Alipofikisha miaka 40 alikuwa hajaoa. Katika nyumba kubwa ya watawa mjini Wittenberg wenzake walikuwa wameondoka karibu wote, akabaki na wachache. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya kuoa kitanda chake kilikaa mwaka mzima bila kutandikwa. Alifanya kazi mchana kutwa, usiku akajitupa kwenye majani makavu yaliyokwisha kuoza kwa jasho, akalala. Mtu aliyesimama bila kuyumba mbele ya Kaisari mjini Worms mwaka 1521 hakuwa ameweza kutandika kitanda chake.

Hata hivyo, mtu huyuhuyu, mwaka 1522, akiwa bado hana mke wala mtoto, aliandika kitabu kuhusu maisha ya ndoa. Humo aligusa jambo ambalo wahubiri wengi hawakuligusa: nepi za mtoto. Alisema baba anayefua nepi za mwanawe, au kumfanyia kazi nyingine inayoonekana duni, huku akiamini kwamba hiyo ni kazi aliyopewa na Mungu, anampendeza Mungu kweli. Majirani watamcheka na kumwona mpumbavu, mwanamume aliyepungukiwa. Lakini mbinguni, alisema, Mungu na malaika wake wote wanafurahi, na furaha yao si kwa sababu ya nepi kuwa safi, ni kwa sababu baba yule ameifanya kazi hiyo kwa imani.

Hebu tulilete jambo hilo mtaani kwetu. Mwanamume akionekana anaanika nguo za mtoto kwenye kamba, utasikia wanasemaje? Amelishwa limbwata. Ametawaliwa na mkewe. Mama mzazi akija kutembea akamkuta mwanawe anaosha sufuria, ataondoka na huzuni kana kwamba amekuta msiba. Miaka 500 imepita, bado tunacheka walekwale.

Lakini kuandika ni rahisi. Mtu asiye na mtoto anaweza kuandika vizuri sana juu ya nepi. Mtihani ulikuja Juni 13, 1525, Luther alipofunga ndoa na Katharina von Bora. Bwana harusi alikuwa na miaka 41, bibi harusi 26.

Katharina naye alikuwa ametoka utawani. Alipelekwa kulelewa na masista akiwa bado mtoto mdogo, baada ya kufiwa na mama yake. Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 1523, yeye na wenzake 11 walitoroka kwa gari la farasi la mfanyabiashara wa mji wa Torgau, ambaye alizoea kupeleka bidhaa, wakiwemo samaki, katika nyumba yao. Tisa kati yao walifika Wittenberg bila mali wala mahali pa kwenda. Wengine walipata waume au wakarudi kwa ndugu. Katharina alichumbiana na kijana mmoja, familia ya kijana ikakataa. Akatafutiwa mwingine, akamkataa yeye mwenyewe. Akasema wazi kwamba kama ni kuolewa, atakubali kuolewa na rafiki yake Luther aitwaye Amsdorf, au na Luther mwenyewe. Alikuwa mwanamke anayejua anachotaka.

Fikiria watu hawa wawili. Wote walikuwa wamefundishwa tangu ujana kwamba njia ya utakatifu inapita mbali na kilio cha mtoto, mbali na moshi wa jikoni. Sasa wanaanza maisha mapya katika jengo lilelile la utawa, ambalo mtawala wa Saxony aliwaachia liwe nyumba yao. Ni jengo kubwa, lina vyumba vingi, na halina hata kitanda kilichotandikwa.

Katharina alianza kazi. Aliamka saa kumi alfajiri, hata mumewe akampa jina la utani la nyota ya asubuhi ya Wittenberg. Alilima bustani, alifuga nguruwe, ng'ombe na kuku, alitunza bwawa la samaki, alipika pombe ya nafaka, ambayo wakati ule ilikuwa kinywaji cha kila siku cha kila nyumba. Alisimamia watumishi na kupangisha vyumba kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Mezani walikaa watoto wao, watoto yatima wa ndugu ambao waliwachukua kuwalea, shangazi yake Katharina, wanafunzi, wageni na wakimbizi. Kuna nyakati watu walizidi 30. Wanafunzi walikuja na kalamu, wakaandika kila neno alilolitamka mwalimu wao wakati wa chakula. Maandishi hayo tunayo hadi leo. Chakula chenyewe, na mikono iliyokipika, vilipata mistari michache tu.

Na fedha? Hapo ndipo ungemhurumia Katharina. Luther hakutaka malipo kwa vitabu vyake, ingawa wachapaji walitajirika navyo. Akiombwa, anatoa. Akikosa fedha, anatoa vyombo vya ndani. Walipooana, Askofu Mkuu wa Mainz, ambaye hawakuwa marafiki, aliwatumia zawadi ya vipande 20 vya dhahabu. Luther alitaka zirudishwe. Katharina alizipokea kimyakimya, kwa maana alijua ghala lilivyo. Siku nyingine Luther alimwandikia rafiki yake kwamba anamtumia bilauri nzuri kama zawadi, kisha akalazimika kueleza kwamba bilauri haionekani. Mkewe alikuwa ameificha. Mama unayesoma hapa, najua umetabasamu.

Je, Luther alifanya nini nyumbani? Nitakuambia ukweli. Hakugawana kazi na mkewe nusu kwa nusu. Alikuwa na darasa, mimbari, tafsiri ya Biblia, barua zisizokwisha. Mzigo mkubwa wa nyumba ulikuwa mabegani mwa Katharina. Wala Luther hakuwa malaika: ulimi wake ulikuwa mkali, na uzeeni aliandika juu ya Wayahudi maneno mabaya ambayo makanisa yanayobeba jina lake yameyakana hadharani. Tukimsoma, tumsome kama tunavyomsoma Daudi, bila kufunika.

Lakini mikono yake haikukaa bure. Alipenda bustani. Alichimba, alipanda, aliagiza mbegu kutoka Nuremberg kwa rafiki yake, akafurahia matikiti na matango kuliko alivyofurahia sifa za watu. Yeye na mtumishi wake Wolfgang walijifunza kukereza mbao, wakaagiza vifaa vya keezo kutoka hukohuko Nuremberg. Sababu aliyotoa ni kwamba siku ulimwengu ukikataa kumlisha kwa ajili ya Neno, aweze kula kwa kazi ya mikono. Alishona suruali zake mwenyewe zilipochanika. Husimuliwa kwamba siku moja alikata kipande cha suruali ya mwanawe ili atie kiraka kwenye yake, na unaweza kukisia Katharina alivyopokea msaada wa namna hiyo!

Jioni alipiga ala yake ya nyuzi, ndugu wa udi huu tunaousikia kwenye taarabu za pwani, na nyumba nzima ikaimba. Alicheza na wanafunzi mchezo wa kuviringisha mpira na kuangusha vigingi. Alikuwa na mbwa wake aitwaye Tölpel. Na mwaka 1529 aliandika Katekisimu Ndogo, akiwalenga wenye nyumba wenyewe wawafundishe watoto na watumishi wao. Hakutaka baba aseme kwamba hiyo ni kazi ya mchungaji au ya mwalimu peke yake.

Ona pia jambo hili. Mwaka 1535 Luther alimwahidi mkewe vipande 50 vya dhahabu akimaliza kusoma Biblia yote kabla ya Pasaka. Wengine wataona ni mchezo. Mimi naona mume aliyetaka mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri apate naye saa ya kukaa na Neno. Baba, mkeo ana saa hiyo? Au maombi yake yote hufanyika huku akisonga ugali?

Nyumba ile ilionja pia machozi. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena. Luther na Katharina hawakuondoka, na nyumba yao ikawa kama hospitali. Katharina alikuwa mjamzito, Luther mwenyewe mgonjwa na mwenye huzuni nzito. Binti aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo, Elisabeth, hakufikisha hata mwaka mmoja. Mwaka 1530 Luther alipokuwa mbali, katika ngome ya Coburg, alipata habari za kifo cha baba yake. Alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia. Ni katika miezi hiyohiyo Katharina alimtumia picha ya binti yao Magdalena, mtoto wa mwaka mmoja, naye akaitundika ukutani aitazame. Kutoka hukohuko alimwandikia mwanawe Hans, mwenye miaka minne, barua juu ya bustani nzuri ya watoto wanaoomba na kusoma. Alikuwa na shughuli za kanisa zima mikononi, lakini alipata nafasi ya kumwandikia mtoto kwa lugha ya mtoto.

Mwaka 1540 mimba ya Katharina iliharibika, akakaribia kufa. Nyumba ile ndipo ilipojua nani alikuwa nguzo yake. Na Septemba 20, 1542, Magdalena, yule wa kwenye picha, alifariki akiwa na miaka 13. Alikata roho mikononi mwa baba yake. Mama alikuwa chumbani humohumo, lakini amesimama mbali kidogo na kitanda, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kutazama. Walikuwa na watoto sita. Wawili waliwazika, wanne wakabaki.

Sasa ndugu msomaji, nikufikishe mahali ambapo hasa nilitaka tufike.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1542, Luther aliketi akaandika wosia. Sheria na desturi za Saxony ya wakati ule zilitaka mjane awekewe wanaume wa kumsimamia, yeye na watoto. Luther aliandika kinyume chake. Alimwachia Katharina nyumba, shamba na vitu vya thamani. Alieleza kwamba amekuwa mke mwaminifu kwake siku zote. Alisema hataki mama awatazame watoto mikononi, anataka watoto wamtazame mama. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akihubiri kwamba kazi ya nyumbani ni ibada aliiweka imani hiyo kwenye karatasi. Miaka yote ile ya kuamka alfajiri, bwawa, bustani, ng'ombe, wageni 30 mezani, aliiona. Na aliihesabu kuwa mali.

Lakini alifanya kosa moja. Hakuwaamini wanasheria, hivyo akaandika mwenyewe bila kufuata taratibu zao, akapata sahihi za rafiki zake wahubiri na walimu. Alipofariki Februari 18, 1546, hukohuko Eisleben alikozaliwa, wosia ule ulikutwa na kasoro za kisheria. Mtawala alimsaidia mjane, lakini wasimamizi wakawekwa, na wakubwa wakaanza kumwamulia mwanamke aliyeendesha nyumba ile kwa miaka 20. Kisha vita vikaja. Akakimbia na watoto mpaka Magdeburg, baadaye Braunschweig. Aliporudi, mashamba yalikuwa yameharibiwa na mifugo imekwisha. Akaanza upya kupangisha vyumba na kuomba misaada. Mwaka 1552 tauni ilirudi, akaondoka kuelekea Torgau, mji uleule wa mfanyabiashara aliyemtorosha ujanani. Njiani farasi walishtuka, akaanguka kutoka kwenye gari. Alifariki Desemba 20 mwaka huo, akazikwa Torgau.

Nimekusimulia mwisho huu wenye uchungu kwa makusudi. Unajua wajane wangapi katika usharika wako, au jumuiya yako, waliofua, wakapika, wakalima, wakauza maandazi ili nyumba isimame, na baada ya mazishi ndugu wakaja na gari kubeba hata kabati? Wakati wa ibada ya mazishi marehemu alisifiwa kwa nyumba aliyojenga. Hakuna aliyeuliza matofali yale yalilipwa na nani. Kazi isiyoonwa mume angali hai haitaonwa na mashemeji akisha kuzikwa.

Ndiyo maana nasema kuosha vyombo leo si jambo dogo. Ukiingia jikoni, unaona. Utajua kuni au mkaa unaisha lini, maji yanatoka wapi, mtoto analia mara ngapi usiku. Mtu aliyewahi kufua nepi saa nane za usiku hawezi kusema mke wangu yuko nyumbani tu, hafanyi kazi. Mikono yako ikiingia kwenye maji yaleyale, macho yako yatafumbuka.

Na kama bado unaona aibu, mkumbuke Bwana wetu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 13, alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu, kazi ya mtumishi wa nyumbani. Na katika sura ya 21, akiwa amekwisha kuishinda mauti, amefufuka, ana mamlaka yote, wanafunzi walifika ufukweni wakiwa wamechoka na kazi ya usiku kucha. Walikuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mfalme wa wafalme alikuwa amewapikia kifungua kinywa. Nani basi kati yetu ni mkubwa mno hata asishike mwiko?

Naomba tufanye mambo manne wiki hii. La kwanza, baba, chagua kazi moja ya nyumbani iwe yako, si ya kusaidia, iwe yako. Isiposhikwa na wewe, isifanyike. La pili, mama, mwache aifanye. Akitandika kitanda vibaya usimcheke, wala usiwasimulie mashoga zako. Na mwanao wa kiume mfundishe kuosha vyombo kama unavyomfundisha binti yako, maana mkwe wako wa kesho atakushukuru. La tatu, tafuteni jambo la furaha la kufanya pamoja: bustani ndogo ya mchicha, kuimba baada ya chakula, hata bao chini ya mwembe. Nyumba ya kazi tupu huchosha hata wanaopendana.

La nne ni zito. Andika wosia, na uuandike kwa kufuata sheria. Usirudie kosa la Luther. Mtafute mwanasheria au wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe, weka mashahidi wanaotakiwa, taja jina la mkeo na jasho lake. Usimwachie upendo wa mdomo halafu ukawaachia ndugu funguo.

Naam, nadhani chakula kimeiva sasa. Kula, mshukuru Mungu, mshukuru na aliyepika kwa kumtaja jina. Kisha simama, kusanya sahani, uende ukazioshe. Majirani wakicheka, waache wacheke. Wako wengine juu wanaotazama, nao wanafurahi.

Nakutakia Jumapili njema, wewe na nyumba yako. Amina.